Mpelelezi Asiye na Bastola: Nafasi ya Mama wa Makamo Katika Somo la Ufahamu

Kila mara wanachuo wetu warudipo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, huwa tunaketi nao na kuwauliza ni kipindi gani kiliwatoa jasho. Aghalabu jibu huwa moja: kusoma kwa ufahamu. Wanafunzi husoma kifungu kwa sauti nzuri. Maswali ya "nani", "wapi" na "lini" huyajibu bila taabu, kwa kuwa majibu yake yamo kifunguni neno kwa neno. Lakini mwalimu akiuliza, "Umejuaje?" darasa zima hunyamaza. Wengine hutazama dari, wengine hutazama dirishani, na mwalimu mgeni, akiogopa kimya kile, hujijibu mwenyewe na kuendelea na kazi ya kuandika.

Sisi twaamini kwamba swali hilo la "Umejuaje?" ndilo kiini cha kusoma. Mtoto asiyeweza kulijibu amejifunza kutamka maandishi tu, kusoma bado. Katika makala haya twapenda kutoa rai moja kwa walimu wa shule za msingi, nayo ni hii: hadithi ya upelelezi ni chombo kizuri sana cha kumfundisha mtoto kujibu swali hilo, lakini si kila mpelelezi afaa. Kwa maoni yetu, afaaye zaidi ni mama wa makamo, asiye na sura ya kuvutia macho wala mbwembwe. Tena kwa sisi tuishio Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria, rai hii si ya mbinu za darasani peke yake. Inahusu maisha ya watu, kama tutakavyoeleza.

Kosa letu la kwanza

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita tulidhani tumekwisha kupata dawa ya kimya kile. Tulitayarisha somo la kielelezo kwa Darasa la Tano, tukatunga kifungu cha upelelezi kwa kufuata mtindo wa riwaya tulizozipenda tangu ujana wetu. Mpelelezi wetu alikuwa kijana shupavu, mtanashati, mwenye gari la kasi na bastola kibindoni. Aliwafukuza majambazi kutoka Igoma hadi kivukoni Kamanga, akapigana nao, akawashinda wote.

Watoto walifurahi mno. Walisoma kwa hamu ambayo hatukuwahi kuiona. Ndipo tukauliza swali letu: "Mpelelezi alijuaje kwamba yule ndiye mwizi?" Mtoto mmoja akasimama kwa uhodari na kujibu, "Alikuwa na bastola, Mwalimu."

Wanachuo waliokuwa wakitazama walicheka. Sisi tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, kwa maana mtoto alikuwa amejibu sawasawa. Katika kifungu chetu mpelelezi hakujua jambo lolote kwa kufikiri. Alishinda tu. Tulikuwa tumewafundisha watoto kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye ukweli.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu waandishi wetu. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kuvuma katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa aliyemfuata baadaye, waliwafanya vijana wengi wapende kusoma Kiswahili. Kitabu kimoja kilipita mikono mingi hata kikapoteza jalada. Hiyo ni kazi kubwa, na mwalimu asiibeze. Lakini katika riwaya za namna ile mwanamke aghalabu ni kipusa wa kumsaidia shujaa au wa kumtega, na mama mwenye umri wa makamo hupita pembeni tu, akiuza chakula au akilia msibani. Sisi twauliza: je, tukimtoa huyo mama pembeni tukamweka katikati, darasa litajifunza nini?

Akina mama wapelelezi

Wazo hili si letu wala si geni duniani. Mwaka 1930 mwandishi Mwingereza Agatha Christie alitoa riwaya yake ya kwanza yenye mpelelezi aitwaye Miss Marple, bibi kizee asiyeolewa, akaaye kijijini na kufuma sweta. Polisi humpuuza. Yeye hutatua mambo kwa kuwafananisha watu na wanakijiji wenzake: huyu anasema uongo kama yule mtoto wa duka, huyu anaficha jambo kama yule mtumishi wa zamani. Maarifa yake yote ameyapata kwa kuishi na watu na kuwatazama.

Katika zama zetu, Ann Cleeves ameandika mfululizo wa riwaya za Vera Stanhope, ambao ulianza mwaka 1999. Vera ni mkuu wa polisi wapelelezi katika jimbo la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Ni mama wa makamo, mnene, mwenye mavazi yasiyopangika, akaaye peke yake katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Riwaya hizo zilifanywa mchezo wa televisheni tangu mwaka 2011 hadi mwaka 2025. Watu hudhani kwamba Vera ni mama tu aliyepita njia, kwa hiyo humwambia mambo ambayo wasingethubutu kumwambia afisa aliyevaa sare iliyopigwa pasi. Kutokuvutia kwake ndiko kunakompatia habari.

Lakini aliye karibu zaidi nasi ni Mma Precious Ramotswe wa Botswana. Mma ni neno la heshima la Kitswana, kama sisi tusemavyo Mama. Huyu ametungwa na Alexander McCall Smith katika mfululizo ulioanza mwaka 1998 kwa kitabu kiitwacho The No. 1 Ladies' Detective Agency, na vitabu vyake sasa vimepita ishirini. Mma Ramotswe si kizee, lakini si msichana tena; ameolewa akateswa, akazaa mtoto akamzika. Baba yake alifanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, akaweka akiba yake katika ng'ombe. Alipofariki, binti aliuza ng'ombe wale, akafungua ofisi ya upelelezi mjini Gaborone, chini ya kilima cha Kgale. Vyombo vya ofisi vilikuwa haba: meza mbili, viti viwili, simu, taipureta kuukuu na birika la chai. Kwa msomaji wa Usukuma, habari ya binti kurithi ng'ombe na kuwauza ili anunue kazi ya kutafuta ukweli si habari ndogo hata kidogo!

Tazameni sasa jinsi anavyofanya kazi. Mma Ramotswe hamvamii mtu. Hupiga hodi, huamkia, huuliza habari za nyumbani na za mvua, huketi, hunywa chai. Huuliza swali moja dogo, kisha hunyamaza na kusikiliza. Katika kitabu cha kwanza anapokea barua ya mwalimu wa shule ambaye mtoto wake wa kiume ametoweka, na watu wanaamini kwamba ameuawa na waganga ili viungo vyake vitengenezewe dawa. Hofu ya uchawi imewafunga watu midomo. Mama huyu, naye akiwa na hofu, hufuata dalili moja baada ya nyingine mpaka anamkuta mtoto yu hai. Mwalimu yeyote wa kanda yetu atakayesoma sura zile hataweza kusema kwamba ni mambo ya mbali.

Urithi wetu wenyewe

Wasomaji wengine huenda wakadhani tunawaelekeza ng'ambo kana kwamba nyumbani hamna kitu. Sivyo. Kiswahili kinaye mpelelezi asiye na mbwembwe tangu zamani, ingawa ni mwanamume. Naye ni Bwana Msa, aliyetungwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Kabla ya kuingia katika uandishi wa habari, Abdulla alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, kazi ambayo humfundisha mtu kutafuta chanzo cha ugonjwa katika kisima na jaa badala ya kukitafuta katika uvumi. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58, ikachapishwa mwaka 1960. Ikafuatwa na nyingine, zikiwamo Kisima cha Giningi ya mwaka 1968 na Duniani Kuna Watu ya mwaka 1973.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, mtu anakutwa ameuawa mahali penye mzimu. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mizimu imekasirika, na mambo yakaishia hapo. Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, hakubali. Hutazama, huuliza, hupima maneno ya kila mtu, na mwisho huonyesha kwamba aliyeua ni binadamu mwenye sababu za kibinadamu. Hivyo basi, miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa za upelelezi katika lugha yetu imo hii inayosema kwamba tusimsingizie mzimu kazi ya mkono wa mtu. Hili ni funzo kubwa, nasi twalihitaji hata leo.

Kilichobaki ni kumpa Bwana Msa dada. Katika mifululizo yetu mashuhuri ya upelelezi, wapelelezi ni wanaume. Twatamani siku moja mmoja wenu aandike mfululizo wa mama mpelelezi wa kwetu. Lakini mwalimu hana haja ya kuingoja siku hiyo. Aweza kuanza na vifungu vifupi vya ubaoni.

Kwa nini hapa kwetu

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limetufanya tushike kalamu. Tangu miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga imepata sifa mbaya kwa mauaji ya vikongwe wanaodhaniwa kuwa wachawi. Wengi wa waliouawa ni wanawake, na wengi wao wajane. Mtoto akifa kwa homa, ng'ombe wakifa, mvua ikikosekana, huendewa mpiga ramli. Hupasuliwa kuku, na mtu akatajwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sungusungu walipotokea, walisaidia sana kupunguza wizi wa ng'ombe, lakini hata wao, mahali pengine, waliwaandama akina mama wazee kwa tuhuma hizo hizo. Baadaye, hasa kuanzia mwaka 2007, tuliona aibu nyingine ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mwezi Januari mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli.

Na ushahidi unaotajwa dhidi ya bibi mzee ni upi? Mara nyingi ni macho mekundu. Basi. Macho ambayo yamekuwa mekundu kwa miaka arobaini ya kupuliza moto wa kuni mbichi, mabua ya pamba na samadi kavu katika jiko lisilo na dirisha.

Walimu wenzetu, fikirini. Kosa la mtu yule anyosheaye kidole macho mekundu ni kosa lile lile la mtoto anayeshindwa kujibu "Umejuaje?" Ameona dalili moja, akarukia hukumu moja, bila kujiuliza dalili hiyo yaweza kuwa na sababu ngapi. Mtoto wa Darasa la Tano tunaweza kumsahihisha kwa chaki nyekundu. Lakini atakapokuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, akaketi katika mkutano wa usiku wa kijiji, chaki yetu haitamfikia. Hapo atakuwa na kile tu tulichomfundisha zamani.

Kwa hiyo tunapomweka mama wa makamo katika nafasi ya mpelelezi, tunafanya mambo mawili kwa pamoja. Tunawafundisha watoto kupima ushahidi. Halafu tunawageuzia picha waliyoizoea: yule mama anayeelekea uzeeni, anayejua mambo ya watu wengi, anayetazama sana na kusema kidogo, si wa kuogopwa. Kutazama kwake ni akili, na akili hiyo yaweza kuwaokoa watu.

Namna ya kufundisha

Sisi na wanachuo wetu tulimtunga mhusika tuliyemwita Mama Kulwa. Ni mjane, mama wa mapacha, mwenye kanga mbili zilizopauka na kandambili. Hununua dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, akawauza vijijini. Hana gari wala cheo. Ana macho, masikio, kumbukumbu ya madeni na adabu ya kuwaamkia watu.

Kifungu cha kwanza kilikuwa kifupi. Mtu mmoja anashitakiwa kwamba aliiba nyavu mwaloni usiku wa manane. Shahidi asema, "Nilimwona vizuri kwa mbalamwezi." Mama Kulwa anakumbuka kwamba usiku ule ziwa zima lilijaa taa za wavuvi wa dagaa kama mji. Kifungu kinaishia hapo. Mwalimu auliza: "Je, shahidi amesema kweli? Umejuaje?" Watoto wa mwambao waliruka vitini. Wao wanajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na kwamba siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Taa nyingi ziwani maana yake hakuna mwezi. Mara hii hakuna aliyetaja bastola.

Kifungu cha pili kilikuwa kizito zaidi. Twakitoa hapa ili kila mwanachuo akipendaye akitumie:

"Mbuzi watano wa mzee mmoja walikufa siku moja. Asubuhi ile bibi jirani alikuwa amepita njiani akienda kuteka maji. Bibi huyo ana macho mekundu. Jioni watu wakaanza kunong'ona. Mama Kulwa alifika kudai fedha zake za dagaa. Akawaamkia wazee, akaketi, akasikiliza. Akaona mambo manne. Kwanza, bibi alipita miji mitatu, lakini mbuzi waliokufa ni wa mji mmoja. Pili, mbuzi wawili wa mzee yule yule, waliofungwa kamba mbali malishoni, hawakufa. Tatu, kando ya birika la kunyweshea mifugo palikuwa na ndoo yenye harufu kali. Nne, siku iliyotangulia kijana wa mji ule alikuwa akipulizia pamba dawa. Mama Kulwa akamgeukia kijana, akamwuliza swali moja tu: 'Mwanangu, dawa ya pamba uliichanganyia katika chombo gani?'"

Somo lenyewe tuliligawa katika hatua nne, nazo zaweza kuingizwa katika andalio la somo la kawaida.

Hatua ya kwanza ni kuona. Wanafunzi huorodhesha ubaoni mambo yaliyoonekana au kusikika tu. Mtoto akisema "Bibi ni mchawi," mwalimu asimkemee. Amwulize, "Nani aliliona hilo?" Mtoto mwenyewe atatambua kwamba hakuna, na sentensi hiyo haitaandikwa.

Hatua ya pili ni kutafuta sababu nyingi. Mwalimu huchagua dalili moja na kuwataka wanafunzi wataje sababu zake zisizopungua tatu. Sisi tulichagua macho mekundu. Watoto walitaja moshi, vumbi, ugonjwa wa macho, kukosa usingizi, kulia msibani. Ubao ulipojaa, mtoto mmoja wa kike aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi alinyosha mkono akasema, "Bibi yangu hupikia samadi. Macho yake yako hivyo hivyo." Hatukuongeza neno. Tuliandika ubaoni: samadi.

Hatua ya tatu ni kupima. Wanafunzi huuliza: sababu ipi inaafikiana na dalili zote, na ipi inapingana na mojawapo? Kama ni bibi, mbona miji mingine miwili imesalimika? Kama ni maradhi ya kuambukiza, mbona wale wawili wa malishoni wazima? Kama ni maji ya birika, je, dalili zote nne zakubaliana? Hapa ndipo watoto hujifunza neno "kwa sababu" kwa maana yake halisi.

Hatua ya nne ni kusema kwa kiasi. Wanafunzi huandika sentensi mbili wakitumia maneno kama "yaelekea", "huenda" na "nina hakika kwamba". Katika kanuni za lugha hili ni zoezi dogo. Katika malezi ni zoezi kubwa, kwa maana mtu aliyezoea kutofautisha "huenda" na "nina hakika" si mwepesi wa kumtupia jirani yake jiwe.

Pingamizi

Baadhi ya wenzetu wametupinga, na hoja zao zastahili kujibiwa.

Wako wasemao kwamba hadithi za uhalifu huwafundisha watoto uhalifu. Twakubali kwamba riwaya za watu wazima, zenye mauaji na mapenzi, hazifai kupelekwa katika Darasa la Tano. Sisi twamtaka mwalimu azisome yeye mwenyewe ili ajifunze namna dalili zinavyopangwa, kisha atunge visa vidogo vya wizi wa nyavu, ndoo iliyopotea, au mbuzi waliokufa. Wala asitumie kamwe tukio la kweli la kijiji kile, wala jina la mtu aliye hai. Darasa si mahakama.

Wako pia wasemao kwamba mtoto akifundishwa kuuliza "Umejuaje?" atawavunjia heshima wakubwa. Hofu hii si ya kupuuzwa katika jamii yetu. Lakini angalieni tena wapelelezi tuliowataja. Mma Ramotswe hupata majibu kwa sababu ya adabu yake. Mama Kulwa aliwaamkia wazee kwanza, akaketi, akasikiliza, hata alipouliza akasema "Mwanangu." Mtoto afundishwe yote mawili, shikamoo na swali. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Wengine, mwisho, wameuliza kwa nini awe mwanamke, tena wa umri ule. Mbona asiwe mtoto mwerevu, kama ilivyo katika vitabu vingi vya watoto? Jibu letu ni kwamba mtoto mwerevu wa kitabuni hupendeza, lakini hamsaidii yule bibi mwenye macho mekundu. Yeye hubaki pale pale alipokuwa, yaani katika orodha ya washukiwa. Sisi twataka atoke humo.

Mwalimu ajipime

Hatuwezi kumaliza bila kusema neno juu yetu wenyewe. Kalamu ya mwanafunzi ikipotea darasani, tunafanya nini? Wako walimu wanaochapa darasa zima mpaka mwizi ajitaje. Wako wanaotisha watoto kwamba wataleta mganga, na mwizi atavimba tumbo. Wako wanaomtazama moja kwa moja mtoto wa yule maskini kuliko wote. Mwalimu wa namna hiyo aweza kufundisha hatua zetu nne kwa ufasaha saa tatu asubuhi, na saa nne akazifuta zote. Watoto husoma matendo yetu kwa ufahamu mkubwa kuliko vifungu vyetu.

Kwa hiyo, kalamu ipoteapo, fanyeni kama Mama Kulwa. Ketini kwanza. Ulizeni ilionekana lini mara ya mwisho, na mikononi mwa nani. Tajeni sababu tatu kabla ya kutaja mtu mmoja. Mara nyingi kalamu itaonekana chini ya dawati. Na isipoonekana, ni afadhali kalamu ipotee kuliko mtoto aaibishwe bure.

Mwaka huu wanachuo wetu watakwenda tena katika mazoezi, wengine Magu, wengine Sengerema, wengine watavuka maji kwenda Ukerewe. Tunawaomba kila mmoja wao abebe angalau kisa kimoja cha mama mpelelezi katika daftari lake, akitunge kwa mambo ya mahali pale alipo, na akirudi atueleze darasa lilijibu nini alipouliza, "Umejuaje?"